Historia ya marehemu mwanangu ilisomwa visivyo. Naweza kuandika upya sehemu ya kuzaliwa kwake?

MamaGenge_Majengo:

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mnaotoka Kilimanjaro maana mnazijua taratibu zetu, ila na wengine karibuni.

Mwanangu wa kwanza alifariki mwaka jana kwa ajali ya pikipiki, barabara ya Himo. Alikuwa na miaka 19. Ya ajali sitaandika. Nimeyasimulia msibani mpaka sauti ikakauka. Kila anayeingia anakushika mkono, anakaa, anauliza "ilikuwaje?", nawe unaanza upya tangu simu ilivyopigwa. Siwalaumu, ndiyo desturi, mtu aliyekuja kukupa pole lazima ajue anakupa pole ya nini. Ila siku zote zile za matanga hakuna hata mmoja aliyeniuliza alizaliwaje.

Tulimzika kwa baba yake, Old Moshi, kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kwenye ratiba kulikuwa na historia fupi ya marehemu. Aliisoma shemeji yangu mkubwa, ndiye aliyeiandika. "Marehemu alizaliwa mwaka 2005 katika hospitali ya..." akaitaja, ya hapa mjini. Mstari huo mmoja, kisha shule ya msingi, kipaimara, sekondari, ajali.

Mwanangu hakuzaliwa hospitali. Alizaliwa Kiboriloni, sokoni, kwenye kibanda cha fundi cherehani. Na fundi mwenyewe alikuwepo pale msibani, viti vya nyuma karibu na migomba. Iliposomwa sentensi ile aliinua kichwa akanitazama. Mimi nikaangalia chini.

Mwezi ujao tuna ibada ya kumbukumbu ya mwaka, kaburi litakuwa limeshajengewa. Nimemwomba shemeji historia isomwe tena, safari hii sehemu ya kuzaliwa niiandike mimi. Amekataa. Anasema cheti cha kuzaliwa kinasema hospitali, na haipendezi kutangaza mbele ya mchungaji na wageni kwamba mtoto wa ukoo kazaliwa sokoni kama asiye na kwao. Mume wangu anasema tusigombane. Yeye siku ile alikuwa Mererani machimboni, alikuja kumwona mtoto kitovu kimeshadondoka. Mama mkwe niliyekuwa naye ametangulia. Kwa hiyo katika ukoo mzima anayejua ni mimi tu.

Je, mama anaruhusiwa kuandika historia? Kuna aliyewahi? Na hilo la cheti lina uzito gani?


Meku_wa_Marangu:

Pole sana mama. Mungu akutie nguvu.

Kwetu historia ya marehemu ni kauli ya ukoo, ndiyo maana huandikwa na baba mkubwa au baba mdogo. Inasema huyu ni wa nani, mjukuu wa nani, ametoka kihamba kipi. Na nikwambie inavyoandikwa, maana nimeziandika nyingi: usiku, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari, huku mtu wa turubai anadai hela, wa jeneza anapiga simu, na ndugu wa Dar wanauliza gari limefika wapi. Unaletewa bahasha ya vyeti, unanakili. Shemeji yako alinakili. Hapo simlaumu.

Namlaumu anaposema sokoni ni aibu. Nani kati yetu hakusomeshwa na ndizi za Kiboriloni, au Mwika, au Marangu Mtoni? Ada zetu zilitoka kwenye vikapu vya mama zetu pale pale chini.

Ushauri wangu, usimwendee na mashtaka. Andika mistari yako, mpelekee mkononi, mwite kwa heshima yake, "Baba mkubwa, naomba uiingize hii." Akisoma yeye ukoo utakuwa umesema na hakuna wa kupinga. Lakini jiulize kwanza: unataka uisome wewe, au unataka tu isikike? Hayo ni mambo mawili.


Mpenda_Amani:

Dada pole. Mimi ningekushauri uyaache. Kuchimbua mambo ya kuzaliwa ni kujiumiza bure, utalia upya. Mwachie Mungu, kazi yake haina makosa.


MamaGenge_Majengo:

Mpenda Amani, nashukuru. Ila kulia nalia hata nikipima nyanya. Afadhali nilie kwa lililo la kweli.


Nesi_Mstaafu_Rau:

Pole mwanangu. Nilifanya kazi leba miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga kuku. Hilo la cheti nikueleweshe, lisikunyime usingizi.

Mtoto akizaliwa njiani kisha mkafika naye hospitali, kwenye daftari la wazazi panaonyeshwa kwamba amezaliwa kabla ya kufika. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunasema "huyu ni BBA". Lakini tangazo la kizazi, ile karatasi mnayoondoka nayo, linatolewa na kituo kilichowapokea. Anayejaza ameamka tangu usiku, wazazi wamejaa mpaka wanalala wawili wawili kitandani, anaandika jina la kituo chake anasonga mbele. Mama naye amechoka, anachotaka ni chai. Wakati ule karatasi hiyo ilikwenda kwa msajili, cheti kikatoka vilevile ilivyoandikwa. Ungezalia nyumbani usifike kituoni kabisa, tangazo lingetolewa na mtendaji wa kijiji au kata, hapo ingeandikwa vingine. Kwa hiyo shemeji yako asikishike cheti kama Biblia. Kilimsaidia mtoto kuandikishwa shule, kazi yake imeisha.

Sasa nina maswali ya kikunga, unisamehe, mazoea. Nani alimpokea? Kitovu kilifungwa kwa nini? Kondo lilitoka lenyewe? Na alilia hapo hapo?


MamaGenge_Majengo:

Shikamoo mama. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Ngoja nikae vizuri, wateja wamepungua.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Uchungu ulianza usiku kidogo kidogo, nikadhani ni maharage. Alfajiri mama mkwe akanishika kiuno, akatulia, akasema twende. Barabara ya kushuka kutoka Kidia mvua ikinyesha ilikuwa utelezi mtupu, udongo ule mwekundu unaokamata kiatu kikabaki. Tukapata pikapu ya kupeleka ndizi sokoni. Mimi mbele na dereva, mama mkwe nyuma juu ya mikungu, amejifunika nailoni. Dereva alikuwa kijana mdogo, kila nikiguna anasema "samahani mama, samahani", utadhani mimba ni yake.

Kiboriloni ndipo tulipotakiwa kupanda Hiace ya mjini. Siku yenyewe ni ya soko, hapapitiki, na mvua ndiyo hiyo. Nikajibanza kwenye baraza la fundi, nikashika nguzo, chupa ikapasuka. Maji yakatiririka mpaka kwenye pedali ya cherehani. Fundi ni Mpare mmoja, hata wakati ule alikuwa mtu mzima. Alitazama chini, akanitazama usoni, akasimama. Akawatoa waliokuwa wanasubiri nguo, akavuta mlango nusu, akakaa nje ametupa mgongo. Hakusema neno.

Mle ndani ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Wakanitandikia gunia, juu yake vile vipande vya vitambaa vinavyobaki baada ya kukata, juu yake kanga yangu. Mama muuza ndizi za mishare wa meza ya jirani akaingia bila kuitwa, akajifunga kibwebwe, akanawa kwa maji ya moto ya chupa ya chai ya fundi. Mama mkwe ndiye aliyepokea. Glovu zilikuwemo kwenye mfuko, wembe mpya ulikuwemo, si unajua kliniki walikuwa wanatuambia tujiandae navyo. Uzi ndio ulibaki Kidia juu ya kabati. Mama mkwe akagonga mlango kwa ndani, "Baba, tupe uzi." Ukaingia mkono tu, mwenyewe hakugeuka, na uzi wa khaki, ule ule uliokuwa kwenye mashine, alikuwa anashona kaptura za shule. Wakaukunja ukawa mnene, wakafunga sehemu mbili, wakakata katikati.

Ulivyouliza kama alilia. Mama, mvua ilikuwa inapiga lile bati mpaka tunaongea kwa kupiga kelele. Nikamsukuma, nikahisi ametoka, nikasubiri sauti. Sauti haiji. Nikajua basi, nimemkosa. Mama mkwe akamwinua akanionyesha: mdomo wazi wote, ulimi unatetemeka, mguu mmoja unapiga hewa. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, ila mvua ilikuwa inamshinda. Akanilazia kifuani, na hapo nikamsikia kwa mbavu, kifua chake kinagonga changu.

Kondo lilichelewa kidogo likatoka lenyewe. Mama mkwe alilifunga akarudi nalo Kidia kesho yake, akalizika mgombani. Hajawahi kunionyesha mgomba gani.

Mvua ilipopungua fundi akaingia. Akamtazama mtoto, akavuta tepu yake shingoni, akampima utosini mpaka kisigino, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: inchi 19 na nusu. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Kila anayeingia humu anapimwa."

Hospitali tulipelekwa na gari la mchuuzi. Nesi alipofunua akaona uzi wa khaki alicheka mpaka akakaa. "Huyu mmemzaa au mmemshona?" Kilo 3.1. Wakakata uzi wetu wakabana kwa kibanio chao, na karatasi zikaandikwa kama ulivyosema, na kweli mimi nilikuwa nataka chai.

Sare yake ya darasa la kwanza alishona fundi yule yule, akakataa hela. Basi, ni hayo. Ndiyo ninayotaka yasomwe, ndugu zake wadogo hawayajui.


Nesi_Mstaafu_Rau:

Marahaba. Wembe mpya, uzi umefungwa sehemu mbili, mtoto kifuani kwa mama apate joto. Mama mkwe wako alifanya kazi ambayo mwanafunzi wangu angepata alama zote. Nimewaona waliokatwa kwa kisu cha jikoni, nimewaona waliopakwa majivu kitovuni, na pepopunda niliyoiona kwa vichanga zamani sitaki kuikumbuka. Lile la kucheka uzi ni sisi kabisa. Tunacheka ili mama naye acheke.

Andika na mkono wa fundi ulioingia mlangoni. Usiuache.


Dogo_wa_Pasua:

Pole bimkubwa. Mimi nitasema ukweli wangu kama kijana. Kwenye kumbukumbu wengi tunasubiri pilau, historia ikizidi dakika tano watu wanatoa simu. Hiyo yako hakuna atakayetoa simu. Lakini fupisha, maana ukisoma yote hivyo mchungaji ataangalia saa. Dereva wa samahani abaki tafadhali.


Wa_Sakina_Arusha:

Nasoma nikiwa Arusha. Sikutaka kuandika, nimeandika nikafuta.

Wangu aliishi siku mbili. Kichanga hasomewi historia. Wanaume wachache walikwenda kumzika mimi nikiwa bado wodini, nikarudi nyumbani nikakuta beseni limeshaondolewa, na nguo, na hata ile nepi niliyokuwa nimeianika kabla ya kwenda. Nani alianua sijui mpaka leo. Nikaambiwa "utapata mwingine". Nimepata, wazima, namshukuru Mungu. Wifi zangu walioolewa baadaye hawajui kama kuna mwingine aliwahi kuwepo.

Alizaliwa saa tisa usiku na alikuwa na nywele mpaka shingoni. Hilo simwambii mtu, maana naanzia wapi?

Dada, shemeji yako anabishana nawe alizaliwa wapi. Wangu hakuna wa kubishana naye. Andika, wasome wasisome.


MamaGenge_Majengo:

Dada wa Sakina, nywele zenyewe zilikuwa za kulala au za kujikunja?


Wa_Sakina_Arusha:

Za kulala. Za upande wa baba yake. Nesi alizichana pembeni kwa kidole.

Asante kwa kuuliza.


Mzee_wa_Usharika:

Poleni kina mama, nyote wawili.

Mimi ni mzee wa kanisa la Kilutheri, KKKT, huku huku Moshi vijijini. Kwa upande wa ibada hakuna katazo lolote la mama kuandika wala kusema. Katika ibada za kumbukumbu tunazofanya usharikani kwetu familia huachiwa nafasi, anasimama yeyote waliyekubaliana. Kinacholeta shida ni kushtukiza: ratiba imechapwa, mchungaji ana ibada nyingine alasiri, halafu mtu anatoa karatasi kwenye mkoba. Kwa hiyo mwone mwinjilisti wa mtaa wenu mapema, mwambie familia itasoma historia yenye sehemu mpya, na aweke nafasi kabla ya mahubiri, kwa sababu baada ya kwenda kaburini watu hutawanyika kwenye chakula.

Jambo la pili, na hili ni langu mwenyewe wala si la kanisa. Mtoto aliyelazwa mahali pa kulishia mifugo tunamwimbia kila Desemba, na nyumba zote za Old Moshi zinajaa watoto kutoka Dar kuja kumwimbia. Sijaona anayeona haya. Mkumbushe shemeji hilo ukiona amekaza shingo, lakini mkumbushe kwa upole, maana nahisi naye ana msiba wake.


Meku_wa_Marangu:

Hapo mzee amenena. Baba mkubwa aliyesoma historia ya kijana wa miaka 19 naye hajalala vizuri.

Mama, na huyo fundi bado yupo?


MamaGenge_Majengo:

Yupo, Meku. Macho yamepungua, siku hizi anashona mapazia na kubana suruali tu. Nikipita Kiboriloni kuchukua ndizi za genge namsalimia. Tangu msiba hatujazungumzia ile sentensi, mimi wala yeye.

Nitafanya ulivyosema, nitampelekea shemeji karatasi mkononi Jumapili baada ya ibada.


MamaGenge_Majengo:

MREJESHO. Wengi mmeniuliza kwa ujumbe wa faragha, niandike hapa mara moja.

Nilikwenda kwa shemeji na karatasi. Alisoma amesimama, kisha akakaa akasoma tena. Nilidhani atasema kitu kuhusu ukoo, akaniuliza, "Ile pikapu ilikuwa ya nani?" Nikamtajia. Akasema alimfahamu baba yake dereva, walisoma wote. Halafu akauliza kama mama yake alinyeshewa sana siku ile, yaani mama mkwe wangu. Nikamwambia alilowa mpaka tukamkamua kanga. Akanyamaza muda mrefu. Hakuwa anajua kama mama yake alipanda nyuma juu ya ndizi.

Amekubali isomwe yote, na amesema fundi aalikwe kwa jina, aandikiwe kadi. Isipokuwa "sokoni" bado inamkwama. Anataka isomeke "eneo la Kiboriloni". Tumebishana kwa simu mpaka salio likaisha, nikaongeza, tukaendelea. Mume wangu naye kaingia kati, kasema mama aliandika sokoni basi iwe sokoni. Nilishangaa, si kawaida yake kuingia.

Tulipofika ni hapa: shemeji atasoma sehemu ya ukoo na shule, sehemu ya kuzaliwa atasoma binti yangu, yupo kidato cha tatu na ana sauti ya kusikika. Mwinjilisti ameshapewa karatasi. Binti anayo nakala iliyoandikwa sokoni, shemeji anayo ya eneo la Kiboriloni, na anayesoma ni binti.

Fundi nimempigia. Madaftari yake ya zamani yaliliwa na mchwa lakini kipimo anakikumbuka, alikitaja kabla sijamuuliza.

Dogo wa Pasua, nimempima binti kwa saa, haifiki dakika nne. Dereva amebaki. Pilau ipo, na machalari ya ndizi, mzee mmoja wa ukoo anatoa mbuzi. Ukipata nafasi njoo, ni juu kidogo ya kanisa, ukiuliza kwa mama wa genge la Majengo utaelekezwa.